Udongo Ulioshuka Kaoze

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba jiwe letu la kufulia lilikuwa linatembea. Mama alikuwa akisimulia kwamba alipoolewa kijijini kwetu Pito, enzi hizo akiwa bibi harusi mwenye haya, alipiga magoti juu ya jiwe hilo na maji ya kijito yakamlowesha vidole vya miguu. Nilipofikia umri wa kufua mwenyewe, jiwe lilikuwa nchi kavu, limezungukwa na mchanga na majani, na ili niyafikie maji ilinibidi nivuke mchanga wote ule na beseni kichwani. Nilimuuliza mama ni nani aliyelisogeza. Akacheka mpaka akaiweka chini nguo aliyokuwa akiikamua, akasema jiwe liko pale pale lilipowekwa na Mungu, kilichohama ni kijito.

Basi tangu siku hiyo nikawa nakitazama kile kijito kwa heshima. Hakikuwa kikubwa. Kiangazi mbuzi alikiruka bila kulowa, na kwenye ramani ya shule hakikuwepo kabisa, jambo lililoniudhi sana. Lakini kilikuwa na kona moja karibu na shamba letu, na kwenye kona hiyo ndipo nilipojifunza tabia yake. Upande wa nje maji yalipita mbio, yakauchimba ukingo chini kwa chini hadi nyasi za juu zikabaki zinaning'inia hewani. Kisha siku moja ya masika pande zima lilidondoka majini pamoja na nyasi zake. Upande wa ndani maji yalipita polepole, na maji yakipunguza mwendo hayawezi tena kubeba, kwa hiyo yanatua mzigo. Ndiyo maana jiwe letu lilizungukwa na mchanga upande huu, wakati jirani wa ng'ambo alilalamika kila mwaka kwamba shamba lake linaliwa.

Tena kilikuwa kinachambua. Baada ya kila mafuriko ungekuta mawe makubwa yamekaa kwenye maporomoko madogo, kokoto zimejipanga mahali pake, mchanga mkali pake, mchanga laini pake, na tope zuri lisilo na hata chembe ya mchanga limelala kwenye vidimbwi vya pembeni. Mafundi waliokuwa wakijenga nyumba za matofali mjini walikuja kuchukua mchanga wetu, wakaupiga koleo moja kwa moja kwenye mkokoteni bila kuuchekecha. Mama yangu alikuwa na sifa ya kupepeta ulezi kuliko wanawake wote wa upande wetu. Siku moja nikamwambia kwamba kijito kinapepeta vizuri kuliko yeye, naye akanijibu kwamba kama ni hivyo jioni nikaombe ugali kwa kijito.

Shamba letu lilikuwa jembamba na refu, kama mashamba mengi ya kwetu. Lilianzia juu mgongoni mwa kilima likashuka moja kwa moja hadi majini, ili familia ipate kipande cha juu cha nafaka na kipande cha bondeni cha mboga. Babu alililima kwa ntumba, na baba akalirithi na ntumba zake. Mgeni akipita Ufipa wakati mvua zinakaribia kwisha anashangaa kuona vilima vimejaa vichuguu vya duara vinavyofika magotini au mapajani, asijue ni nini. Ndizo ntumba, na ndilo shamba. Unakata nyasi pamoja na ngozi ya juu ya ardhi kwa jembe, unazikunjia ndani, zinaozea humo tumboni, na juu unapanda maharage. Masika yanayofuata unaitawanya ntumba na kupanda ulezi au mahindi kwenye udongo mweusi ambao ukiunusa tu unajua mtakula.

Ni kazi ya kuvunja mgongo, sitaipamba. Nimeifanya, na viganja vyangu vinakumbuka. Lakini sikujua wakati huo kwamba ntumba zilikuwa na kazi ya pili. Mvua ya kwetu inapiga kwa hasira, na maji yakishuka kilimani yalikuwa hayapati njia iliyonyooka. Yalizunguka hii, yakazunguka ile, yakasimama kidogo katikati, na yalipofika chini kijitoni yalikuwa yamepoteza haraka yote. Hata mwaka wa kuzitawanya, udongo ulibaki na mabonde yake madogo. Kijito chetu siku za mvua kilibadilika rangi kidogo tu, kisha kikatulia.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sumbawanga mjini maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni, khanga na mabeseni ya plastiki ya rangi za kuumiza macho. Mitumba ikafika hadi minada ya vijijini. Malori ya wafanyabiashara yakaanza kuja mpaka uani kununua mahindi, wakati zamani tuliyapeleka ushirika tukarudi nyumbani kusubiri. Mbolea ya ruzuku nayo ikatoweka, na kila mwanamume wa Pito akawa anawaza jambo moja tu, namna ya kulima eneo kubwa kwa haraka. Ntumba zikaanza kuitwa mambo ya kizamani na watu ambao hadi mwaka uliotangulia walikuwa wakizilima.

Baba hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Karibu nasi alikuwa amehamia mfugaji kutoka Usukumani, mtu mcheshi na mchapakazi, mwenye ng'ombe na plau. Wakakubaliana: yeye atatulimia, na baada ya mavuno ng'ombe wake watakula mabua yetu. Siku ya kulima, yule jirani alisimama juu ya kilima na jozi yake ya maksai, akamuuliza baba kama apite kwa kukingama, yaani kuvuka mteremko. Baba akasema hapana, shamba ni jembamba, maksai wataishia kugeukageuka kutwa nzima. Apige mistari mirefu toka juu mpaka chini. Jirani alikuna kichwa, akasema shamba ni la mwenyewe. Zile ntumba za babu zilisawazishwa asubuhi moja. Jioni baba alisimama juu akiitazama ile mistari iliyonyooka kama uzi, akatuita wote tuje kuona.

Mwaka wa kwanza tulivuna vizuri, maana tulikuwa tukila rutuba iliyowekwa na babu. Baba akanunua redio. Mwaka wa pili mvua kubwa ilikuta kila mfereji wa plau umenyooshewa njia ya kwenda kijitoni, na maji hayakungoja kuambiwa. Mistari miwili iliungana ikawa mmoja, na hiyo mingine ikaingia humo, hadi katikati ya shamba kukawa na mtaro. Mwaka wa tatu mtaro ulikuwa korongo ambalo ningeweza kusimama ndani yake na mtu wa pembeni asinione. Kila mvua korongo lilipanda juu zaidi, kichwa chake kikimega kilima. Udongo mweusi ulikwisha, tukabaki na mwekundu wenye changarawe, na mahindi yakaota manjano kwa utapiamlo. Kijito chetu sasa kilipita kimekolea rangi ya matofali.

Nilikuwa na hasira, lakini si na kijito. Kwa kweli nilizidi kukistaajabia, hata nikaona aibu kustaajabia kitu kinachotufilisi. Kilikuwa kinafanya kile kile kilichokuwa kikifanya kwenye kona yetu siku zote: kikipewa mteremko na haraka kinachukua, kikinyimwa kinaacha. Sisi ndio tuliokipa.

Jioni moja, tukiwa jikoni, baba alitangaza kwamba tutahamia Kaoze. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa huko, chini bondeni Rukwa, na alikuwa ametuma salamu kwamba kuna shamba la kutosha kwa mdogo wake. Mama aliacha kusonga ugali. Sote tulijua kwa nini. Zamani, nikiwa mdogo, mama alikwenda Kaoze kumsaidia wifi yake kuvuna mpunga, mgongoni akiwa amembeba kitinda mimba wetu. Homa ya bondeni ikamkamata yule mtoto. Alifia huko na kuzikwa huko, pembeni mwa mji wa shangazi, nyuma ya nyumba zake, na mama akapanda peke yake kurudi kwenye baridi yetu. Hakumlaumu mtu, ila tangu hapo hakuwahi kushuka.

Baba alieleza kwa sauti ya upole ambayo hakuizoea: korongo likifika juu hatutakuwa na shamba, na watoto lazima wale. Mama akamjibu kwamba yeye Kaoze hashuki. Kama baba anahama, ahame na watoto. Yeye atabaki na korongo lake. Sikuwahi kuwasikia wakitengana hivyo, hata kwa maneno. Nilikwenda kulala nikiogopa kwamba maji yatatugawa sisi kama yalivyogawa shamba.

Kiangazi baba alinichukua twende tukalione hilo shamba, nadhani akitumaini nitarudi na habari nzuri za kumlainisha mama. Tulipanda lori la wanunuzi wa mpunga, tukakaa juu ya magunia matupu. Sitasahau tulipofika ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, lile genge kubwa linaloshukia bondeni. Ghafla nchi inakwisha. Unaangalia chini unaona bonde pana lenye ukungu wa joto, na mbali kabisa ziwa limelala bila rangi. Pembeni ya barabara, mto ambao vijito vya kwetu vinaumiminikia ulikuwa umelikata jabali kwa ndani, ukatengeneza pengo ambalo jua halifiki chini. Dereva alisimama kupoza breki, nami nikachungulia. Maji ya kiangazi, membamba kama yale mbuzi wetu alikuwa akiyaruka, ndiyo yaliyokuwa yamepasua mlima ule. Nilishikwa na kicho, nikatamani kuvua ndala kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe.

Kule chini mto ule ulikuwa mtu mwingine. Ukitoka mlimani unakuta kwanza mawe makubwa kama nyumba za kuku, yametupwa ovyo. Mbele kidogo ni mawe ya kuinjika chungu, halafu kokoto, halafu mchanga. Nikamwambia baba kwamba ni ule uchambuzi wa kijito chetu, ila hapa umetandazwa kwa mwendo wa asubuhi nzima. Baba akasema nimeanza tena na kijito changu. Baadaye mto wenyewe unachoka, unajigawa matawi, unasahau njia yake ya mwaka jana, na kila tawi linatandaza tope jembamba juu ya tope la zamani. Bonde lote lile, pamoja na mipunga yake na minyaa yake, limekaa juu ya milima iliyoshushwa kidogo kidogo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nchi inaweza kuletwa.

Shangazi alitupokea kwa kelele za furaha, nikamwamkia, akanivuta kifuani akisema mwanangu amekonda kwa baridi. Alikuwa mama mnene, mtani, asiyekaa chini. Alitutembeza shambani kwake. Mpaka mwaka ule, alisema, shamba lilikuwa limeongezeka unene, kwa kuwa masika kijito chake kinafurika na yeye hakiachi kipite bure. Mahali maji yanapoingilia alikuwa amelaza mafungu ya matete na mabua, akayafunga kwa vigingi, fungu nyuma ya fungu. Alinieleza kwamba maji huyazuii, maana ukiyazuia yatazunguka yakuvunjie kwingine. Unayachelewesha tu, yaangushe yaliyobeba, kisha unayaacha yaende zake. Nyuma ya kila fungu tope lilikuwa limekaa sawasawa kama uji uliogandia kwenye sahani.

Baba aliinama akachota udongo ule. Aliuvunjavunja kiganjani, akaunusa, akauinua juani. Ulikuwa mwekundu wenye weusi ndani yake.

"Dada, huu mbona ni wa kwetu?"

"Ni wa kwenu, mdogo wangu," shangazi akasema. "Kila masika mnaniletea, wala sijawahi kuwaomba."

Baba alicheka, na mimi nikacheka, lakini niliona kwamba kicheko chake kilikwisha kabla ya changu. Kisha akaomba aonyeshwe kaburi la mtoto.

Shangazi akaacha utani hapo hapo. Tukiwa njiani alijieleza kwa haya: masika moja maji yalitoka upande ule ambao hayakuwahi kutoka, yakatandaza tope mpaka pembeni mwa mji. Mawe aliyokuwa ameyapanga juu ya kaburi hayaonekani tena. Ila alipanda mnyaa upande wa kichwani siku ya maziko, na mnyaa upo. Tuliukuta, umezama hadi kwenye matawi ya chini, umesimama peke yake katikati ya udongo tambarare, na chini yake hakuna tuta lolote. Baba alichuchumaa pale muda mrefu akipapasa ardhi. Mimi sikuwa na kumbukumbu ya sura ya mdogo wangu, na hilo ndilo lililoniliza.

Njia nzima ya kurudi baba hakuniambia nimweleze nini mama. Tulipofika, alimweleza mwenyewe, na hakumficha kitu. Alimwambia habari za shamba zuri, za joto, za matete ya shangazi, mwisho akamwambia kwamba kaburi limefunikwa. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua.

"Udongo wenyewe wa rangi gani?" aliuliza.

Baba akamwambia ni mwekundu, una weusi wa ntumba ndani yake.

Mama aliuweka ungo chini. "Siku zote nilikuwa najua amelala ugenini," alisema. "Kumbe amefunikwa na udongo wa nyumbani." Akaokota harage lililokuwa limeanguka nje ya ungo. "Huo uliokwenda, umekwenda kwake, sina kinyongo nao. Lakini huu uliobaki usitoke."

Kesho yake asubuhi aliniita nimweleze vizuri namna shangazi anavyolaza yale matete. Nilimwonyesha kwa njiti za kiberiti juu ya majivu. Akaenda shambani akaanza kukusanya mabua yaliyoachwa na ng'ombe, akaburuta mafungu hadi korongoni, akayalaza kwa kukingama kuanzia juu kabisa. Baba alimtazama kutoka mlangoni mpaka jua likachomoza lote, akiwa na ule uso wake wa mtu aliyekwisha toa uamuzi. Aliyekuja kumsaidia ni jirani wetu mfugaji. Alipita akielekeza ng'ombe malishoni, akaona mama anahangaika na vigingi, akarudi na matawi ya miiba na watoto wake wawili. Hapo baba akaona haya, akachukua panga akakata vigingi. Kiangazi chote kikaishia humo korongoni. Na juu, palipobakia udongo, baba aliipasua mistari yake mwenyewe kwa jembe, akaikata vipande vipande ili maji yasipate tena mahali pa kukimbilia. Ntumba zingengoja mvua ilainishe ardhi.

Lakini shamba la Kaoze lilikuwa bado linatungoja. Shangazi alituma salamu mara mbili kwamba lina watu wanaolitaka, na baba akajibu kwamba atasema baada ya mvua za kwanza. Nyumbani kila mtu alikuwa akitazama mawingu.

Mvua kubwa ilikuja mchana. Tulisimama wote upenuni mwa nyumba, tukasikia korongo likianza kunguruma, ile sauti tuliyoizoea kwa miaka miwili. Mama hakungoja ikatike. Alijifunika kipande cha turubai akatoka, baba akamfuata, nami nikawafuata. Maji yalikuwa yanashuka mekundu, yakabeba mabua kadhaa mbele ya macho yetu. Fungu la kwanza kule juu lilikuwa limekwisha kung'oka. La pili lilikuwa limelala ubavu. Kuanzia la tatu, maji yalifika yakasita, yakajaa nyuma ya mabua, yakapenya polepole, yakashuka kwenye fungu lililofuata na kusita tena. Nilikuwa nimelowa chapachapa, natetemeka, na nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu ilikuwa kama naiona ile kona yetu, upande wa ndani, mahali maji yanapotua mzigo. Safari hii tulikuwa tumeyajengea wenyewe pa kuutulia.

Asubuhi korongo lilikuwa kimya. Nyuma ya kila fungu lililosimama kulikuwa na tope jipya, laini, linalong'aa, limejaa sawasawa toka ukuta hadi ukuta. Lilikuwa na weusi pia. Majirani wa pembeni nao walikuwa wamelimisha kwa plau, maji yao yakamwagikia korongoni kwetu, na hakuna aliyekuja kudai chake. Mama alivua ndala, akashuka ndani, akazamisha mkono kwenye lile tope. Ulizama mpaka kifundoni. Aliuacha humo, akamwangalia baba aliyekuwa amesimama juu.

"Hapa nitapanda maharage," alisema. "Mwambie wifi, lile shamba ampe mwingine."

Baba akaitikia kwamba atatuma salamu kwa lori la kwanza litakaloshuka. Kisha akakunja suruali, akaingia korongoni, akaanza kuliinua lile fungu lililolala ubavu.